Kivimbe kisichouma
Maneno ya kamati ya afya mbele ya wanachama na wageni, mkutano mkuu, Baraka



Mwenyekiti amesema tutazungumza juu ya afya ya matiti, na tumeona wababa kadhaa wameanza kusogeza viti kuelekea mlango. Tafadhali, bakini. Nyumba nyingi ni nyinyi munaoshika pesa ya njia, na mama akiambiwa aende Uvira ni kwenu anakuja kuomba ruhusa. Tena mwanaume naye ana titi. Ni dogo, lakini katika kila wagonjwa 100 wa kansere ya titi, mmoja hivi anaweza kuwa mwanaume, na huyo huchelewa kuliko wote kwa sababu hajawahi kufikiri kwamba inamhusu. Na mwisho kabisa tutawaomba jambo juu ya sanduku la chama. Anayetoka sasa asije akashangaa siku ya kupiga kura.

Neno dogo juu ya lugha. Kati yetu kuna waliokaa Lugufu, waliokaa Nyarugusu, na wale ambao hawakuvuka ziwa kamwe. Waliotoka Tanzania wanasema saratani, wa hapa wanasema kansere. Ni ugonjwa mmoja. Wengine wanasema titi, wengine ziwa, na hapa tulipo kando ya Tanganyika hilo la pili linatuletea kicheko kila mara. Chekeni, halafu tuendelee.

Tuanze na maumivu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea njia. Sisi watu wa jembe na wa nyavu tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Mgongo ukiuma tunalala, jino likiuma tunatafuta dawa, na kisichouma kinangoja mavuno. Kwa titi, kipimo hicho kinadanganya pande zote mbili. Titi linalouma siku chache kabla ya damu ya mwezi, yote mawili yakawa mazito na kujaa, kisha damu ikija maumivu yakapungua, hiyo ni kazi ya kawaida ya mwili wa mwanamke. Wasichana wengi wanalia usiku kwa maumivu ya namna hiyo wakidhani ndiyo kansere. Lakini kansere yenyewe, mwanzoni, mara nyingi haiumi hata kidogo. Inakaa chini ya ngozi kama punje ngumu, mama anaigusa akioga, anaibonyeza, haiumi, anasema: "Aa, hii si kitu." Anaendelea kutwanga muhogo. Miezi inapita. Siku itakapoanza kuuma, mara nyingi imekwisha kukua sana, au imetoboa ngozi, au imeingia kwapani.

Kwa hiyo tunaomba neno hili liingie katika kila nyumba: kivimbe kipya kwenye titi au kwapani, kiume au kisiume, kinapelekwa kwa muganga juma hilo hilo. Kama ni msichana, muganga mwenyewe anaweza kumwambia arudi baada ya damu ya mwezi ili aone kama kimepotea. Huo uamuzi ni wa muganga aliyegusa. Si wa jirani, na si wa mama mkwe.

Kuna titi moja linalouma ambalo halingoji hata juma, nalo ni la mama anayenyonyesha. Tunataka kukaa hapa kidogo, maana wazazi wachanga ni wengi katika chama chetu. Sehemu ya titi inakuwa ngumu, ya moto, inauma, na mwili mzima unatetemeka kwa homa. Vitabu vinasema titi linakuwa jekundu, lakini kwa ngozi yetu wekundu unaweza usionekane vizuri, basi tumia kiganja: gusa upande huu na upande ule, uone kama kuna joto la pekee. Wengi wanadhani ni malaria, wanameza dawa ya malaria, na siku zinapotea. Mama wa namna hiyo aende kituo cha afya siku ile ile. Atapewa dawa ya kuua wadudu, na aimalize yote hata kama homa imeshuka siku ya pili. Na aendelee kumnyonyesha mtoto. Tunajua bibi zetu wanasema maziwa yameharibika yatamuua mtoto. Hayamuui. Yakibaki ndani ndipo titi linazidi kujaa na kuuma. Mama anayemeza dawa za virusi vya ukimwi amwambie muganga wazi, maana kwake mashauri ni tofauti kidogo.

Kama usaha umekwisha kukusanyika ndani, lazima utolewe na muganga kwa chombo safi. Wembe wa nyumbani hapana. Kukandamiza kwa majani ya moto mpaka ngozi inababuka, hapana. Na jambo hili tunaomba mulishike sana: kama dawa imeisha na titi bado ni gumu na la moto, rudi. Usiseme "maziwa yameganda" ukakaa miezi. Iko kansere moja inayokuja kwa sura ya uvimbe wa moto namna hiyo, nayo inakimbia haraka. Muganga aliyekupa dawa ya kwanza anapaswa kukuona tena.

Sasa tuseme habari njema, maana tunaona nyuso zimeanza kuwa nzito. Vivimbe vingi vya titi si kansere. Shirika la Afya Duniani linasema hadi 90 kati ya 100 si kansere. Kuna kile cha wasichana, kinateleza chini ya kidole kama gololi, kinaweza kukaa miaka bila kumdhuru mtu. Kuna mfuko wa maji, unakuja na kupungua. Tunaye dada mmoja katika chama aliyebeba gololi yake miaka miwili kwa siri. Aliacha kula, akakataa mchumba, akaandika hata nani atamlea mtoto wa ndugu yake. Siku alipopimwa kwa ekografi na sindano, akaambiwa si kansere. Miaka miwili ya uzima iliyotumika kuomboleza! Na tulikuwa na mama mwingine, ambaye hatumtaji, aliyengoja amalize kuvuna muhogo, kisha angoje mtoto amalize mtihani wa serikali, kisha angoje mume arudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu. Alipofika hospitali titi lilikuwa kidonda. Tulimzika, na wengi wenu mulikuwa kwenye matanga.

Dada na mama hao walikuwa na jambo moja: hakuna aliyeweza kujua kwa kidole chake mwenyewe kilichokuwa ndani. Hata muganga hawezi kwa kidole peke yake. Kidole kinasema kuna kitu, ekografi inaonyesha ni maji au ni nyama, na sindano inatoa kipande kidogo ambacho fundi wa maabara anakitazama kwa darubini. Hapo ndipo jina la ugonjwa linapojulikana. Kabla ya hapo kila anayesema jina anabahatisha, awe ndugu, awe mchungaji, awe sisi.

Dalili nyingine munazopaswa kuzijua: ngozi ya titi inayovutwa ndani kama kishimo, au iliyokuwa laini na sasa iko na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyogeuka kuingia ndani wakati zamani ilikuwa nje (aliyezaliwa nayo hivyo asiwe na wasiwasi). Kidonda au magamba kwenye chuchu yasiyopona. Maji au damu yanayotoka yenyewe kwenye titi moja, bila kukamua. Titi moja lililobadilika ukubwa au umbo kwa muda mfupi. Maumivu ya mahali pamoja yasiyofuata mwezi wala kuisha, nayo yaende kupimwa.

Wengine watauliza: basi mutufundishe kujipima kila mwezi, siku fulani, kwa vidole vitatu, kwa kuzunguka. Tumelijadili sana hilo kwenye kamati, na hatukukubaliana upesi. Huko Shanghai, nchini China, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, kundi moja likafundishwa kujipima kwa utaratibu mkali. Baada ya miaka 10 na zaidi, vifo vya kansere ya titi vilikuwa sawa makundi yote mawili, na waliofundishwa walikatwa vipande vingi zaidi vya vivimbe visivyo na hatari. Kwa hiyo hatuwapi sheria ya kila mwezi wala hatumlaumu asiyejipima. Tunachotaka ni mwanamke alijue titi lake lilivyo siku zote, anapooga, anapovaa, ili likibadilika ashituke. Na akishituka, atoke nyumbani.

Kitu kilichotupa moyo zaidi kimetoka Mumbai, India. Pale, katika utafiti wa miaka 20, wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo, wasio madaktari, waliwapima wanawake kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua karibu theluthi. Bila mamografi, mikono tu iliyofundishwa. Sisi tusio na mashine za mamografi karibu tunasema: wauguzi wetu wa vituo vya afya na wale wahamasishaji tunaowaita reko, wakifundishwa vizuri, ni mali kubwa. Wamama wa miaka 40 kwenda juu, mukienda kituo kwa jambo lolote lile, mwambieni muganga: "Nipime na matiti." Ukiona haya kwa sababu muganga ni mwanaume, ingia na dada yako au mume wako. Ni haki yako.

Nani anapata? Umri ukiongezeka, hatari inaongezeka. Mwenye mama au dada aliyeugua awe macho zaidi. Pombe inaongeza, kunyonyesha kunapunguza. Lakini karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kupita miaka 40. Musimuulize mgonjwa alifanya nini. Haiambukizi pia, sahani yake ni sahani, na kitanda chake ni kitanda.

Hapa ni lazima tuguse jambo la karuho na la kulogwa. Tunajua. Titi likivimba, mtu wa kwanza anasema ni sumu, wa pili anataja jirani aliyegombania mpaka wa shamba. Kisha chale zinachanjwa juu ya kivimbe, mafuta yanapakwa, mbuzi anauzwa. Wengine wanakwenda chumba cha sala na kufunga siku arobaini. Sala hatuipingi, sisi wenyewe tumefungua mkutano huu kwa sala. Tunapinga kungoja. Omba ukiwa kwenye pikipiki kuelekea hospitali. Na mchungaji anayekataza mtu kupimwa amejitwika mzigo ambao hataweza kuubeba siku ya kilio. Kuchanja chale kunaongeza kidonda na kunamchanganya muganga anayetafuta dalili kwenye ngozi.

Kuna woga mwingine unaozunguka: kwamba sindano au kisu kinaamsha kansere, ndiyo maana fulani alipasuliwa akafa. Fulani alipasuliwa akiwa amechelewa. Aliyepima mapema na akapona hatembei akionyesha kovu lake sokoni, kwa hiyo hamumjui. Biopsi haiamshi ugonjwa. Bila biopsi, daktari anatibu gizani.

Kama jina limetoka na ni kansere, njia ziko. Ikiwa ni ndogo, mara nyingine wanatoa kivimbe peke yake. Mara nyingine titi lote linatoka. Kuna dawa za mishipani zenye kuchosha, nywele zinaanguka na baadaye zinaota. Kuna kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi kwa wale ambao uvimbe wao unalishwa na homoni. Kinaitwa tamoksifeni, na maabara ndiyo inayosema nani anakihitaji. Anayepewa asikiache kwa sababu anajisikia mzima. Mionzi, kwa sisi wa Fizi, ni jambo la kuvuka mpaka: wako wanaokwenda Kigali, na waliokaa Tanzania wanalijua jina la Ocean Road ya Dar es Salaam. Hospitali ya Panzi huko Bukavu watu wengi wanadhani ni ya waliobakwa peke yao, kwa sababu ya sifa ya daktari Mukwege. Ni hospitali kuu, ina upasuaji na magonjwa yote ya wanawake. Ila njia ya kufika munaijua. Mvua ikinyesha magari yanalala matopeni kati ya hapa na Mboko, na bunduki zikilia barabara inafungwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutongoja: njia ikiwa wazi leo, pita leo.

Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba tangu mtu amefika kwa muganga na dalili mpaka jina la ugonjwa lijulikane, zisipite siku 60. Siku 60! Tuzihesabu kwa miguu yetu. Kituo cha afya, karatasi ya kumtuma hospitali, kungoja daktari, ekografi, tena sindano, tena kipande kipelekwe maabara ya mbali, tena jibu lirudi. Kila hatua ina bei yake. Kambini tulipimwa bila kulipa. Ni wengi waliorudi na meli mwaka 2005 na baada yake wakiwa na watoto wenye kadi kamili za chanjo. Huku karatasi yenyewe ina franka zake. Mama anaishiwa katikati ya njia, anarudi nyumbani na karatasi ndani ya kitenge, na karatasi inalala.

Basi tufike kwenye sanduku. Kwa kanuni yetu ya sasa, sanduku linatoa pesa mara mbili: mwanachama akilazwa kitandani, na mwanachama akifa. Kamati ya afya inaomba tuongeze mara ya tatu, ya kati, nayo tunaiita safari ya kupimwa. Mwanachama mwenye kivimbe na karatasi ya muganga alipiwe njia ya kwenda na kurudi, ekografi, biopsi, na nauli ya mtu mmoja wa kumsindikiza, kabla hajawa mgonjwa wa kulazwa. Isiwe mkopo. Likelemba zetu zinajua kukopesha, na mwenye woga hakopi pesa ya kwenda kusikia habari mbaya.

Tumesikia maneno mawili ya kupinga. La kwanza, kwamba kila mtu atajitungia kivimbe ili apate safari ya Uvira. Ndiyo maana tunasema karatasi ya muganga, na pesa ya vipimo ilipwe hospitali moja kwa moja. La pili, kwamba sanduku litakauka. Wazee, tuhesabuni jeneza, turubai, mchele wa siku tatu na wageni wa kutoka Kalemie, halafu tuhesabu ekografi na sindano. Mwandishi wa fedha ana hesabu zote mbili kwenye daftari lake na atazisoma kabla ya kura.

Nyinyi wafadhili, mumetusaidia mabati na visima, tunashukuru, na picha zake zilitoka vizuri. Safari ya kupimwa haina picha. Hatutawatumia sura ya mama yeyote wala jina lake, na tunaomba musituombe. Tutawatumia hesabu: wangapi walikwenda, wangapi walipata jibu ndani ya siku 60, wangapi waliishia njiani na kwa nini. Kama mutapenda kutusaidia jambo moja zaidi, lisiwe mashine. Lipieni mafunzo ya wauguzi wa vituo vyetu ya kupima matiti kwa mikono.

Kura itapigwa mkutano ujao. Mpaka siku hiyo, kila mtaa utuletee majina ya wasindikizaji wawili, angalau mmoja awe mwanamke, watu wanaojua kufunga mdomo. Leo, mkutano ukiisha, wamama wawili wa kamati watabaki nyuma, chini ya mwembe, na muuguzi wa kituo atakuwa pamoja nao. Mwenye swali la siri apite huko. Wababa vilevile.